Daktari James Craik

Wasomaji wengi wamekwisha kulisikia jina la George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani. Habari hizi ni za mganga wake, aliyekuwa rafiki yake kwa muda wa miaka 45.

James Craik alizaliwa Uskoti. Alipokwisha kujifunza uganga alivuka bahari, akafika Virginia, iliyokuwa koloni ya Waingereza. Mwaka 1754 aliingia kikosi cha Virginia kuwa mganga wa askari, na Washington, kijana wa miaka 22, alikuwa afisa wa kikosi hicho. Mwaka wa pili yake jeshi la Jemadari Braddock lilipigwa vibaya karibu na mto Monongahela na Wafaransa pamoja na wenyeji waliowasaidia. Craik aliwauguza majeruhi, hata Braddock mwenyewe, lakini jemadari alikufa siku ya nne.

Askari wa mwaka 1754 walikuwa wameahidiwa eka 200,000 za nchi. Basi mwaka 1770 marafiki hao wawili walishuka mto Ohio kwa mitumbwi mpaka Kanawha, ili kuichagua nchi hiyo. Washawnee, waliokuwa wakiwinda huko, hawakuulizwa. Siku zile Craik alikuwa mwenye shamba karibu na Port Tobacco katika Maryland, naye alikuwa na watumwa, kama matajiri wenzake.

Vita vya uhuru vilipokuja alirudi jeshini, akasimamia hospitali. Januari 1778 alimwonya Washington kwa barua ya kwamba wako watu wanaotaka kumwondolea ujemadari.

Tarehe 14 Desemba 1799, kabla ya mapambazuko, Washington aliamka hawezi kupumua vizuri. Msimamizi wa shamba alimpasua mshipa, akamtoa damu. Craik alipofika alimtoa tena, na tena; maana waganga wa siku zile walisadiki ya kuwa damu ikipunguzwa uvimbe hupungua. Alasiri wakaja waganga wawili, Brown na Dick. Dick, aliyekuwa kijana kuliko wote, alisema damu isitolewe zaidi, bali koo litobolewe chini ya uvimbe, mgonjwa apate pumzi. Wazee wale hawakukubali. Kwa siku moja alitolewa damu zaidi ya lita mbili, na usiku, kabla ya saa tano, alikufa. Craik ndiye aliyemfumba macho.

Tusimdhanie kuwa mzembe. Alimfanyia rafiki yake kama alivyofundishwa. Lakini mwanzo wa Januari 1800 alipata barua ya Brown, aliyekiri ya kwamba kama wangalimsikiliza Dick, labda rafiki yao angalikuwa hai.

Katika wasia wake Washington alikuwa amemwachia Craik meza yake ya kuandikia na kiti chake cha chumba cha kusomea. Mzee huyo aliishi miaka 14 zaidi, akafa mwaka 1814, akazikwa Alexandria.