Askofu Antanas Baranauskas: Mseminari Aliyeuandikia Msitu Shairi



Mpendwa msomaji, safari hii nakuletea maisha ya askofu ambaye huku kwetu hasikiki, ingawa kwao Lithuania kila mtoto wa shule anamjua. Hata jina lake lina maneno. Walithuania humwita Antanas Baranauskas, Wapoland humwita Antoni Baranowski. Ni mtu mmoja, na majina yote mawili ni yake.

Ili tumwelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1386 Jogaila, mtawala wa Lithuania, alibatizwa, akamwoa Malkia Jadwiga, ambaye leo ni mtakatifu wa Kanisa, akawa mfalme wa Poland. Mwaka 1569, katika mji wa Lublin, nchi hizo mbili zikaunganishwa kuwa dola moja. Polepole wakubwa wa Lithuania wakaizoea lugha ya Kipoland, na Kilithuania kikabaki lugha ya wakulima. Kufikia mwaka 1795 dola hiyo ilikuwa imegawanywa na majirani zake, na sehemu kubwa ya Lithuania ikaangukia mikononi mwa Tsar wa Urusi. Lakini mapenzi ya nchi hayakufutika. Adam Mickiewicz, mshairi mkuu wa Wapoland, alizaliwa mwaka 1798 katika ardhi ya ile Lithuania ya kale. Utenzi wake Pan Tadeusz, uliotoka Paris mwaka 1834, unaanza kwa kuisifu Lithuania kama nchi yake, nao umeandikwa kwa Kipoland mwanzo hadi mwisho.

Antanas alizaliwa mwaka uliofuata, Januari 1835, huko Anykščiai, katika familia ya wakulima. Nyumbani walisema Kilithuania. Alisomea ukarani, akafanya kazi katika ofisi za vijijini, huku akiandika mashairi kwa Kipoland, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya msomi. Katika mji wa Seda alifahamiana na Karolina Praniauskaitė, binti wa familia ya kiungwana aliyekuwa mshairi wa Kipoland. Wakawa wanaandikiana mashairi. Familia ya binti haikupendezwa na ukaribu huo. Ajabu ni kwamba Karolina, mwandishi wa Kipoland, ndiye aliyemhimiza kijana huyu aandike kwa Kilithuania. Mwaka 1856 Antanas aliingia seminari ya Varniai, na ndugu zake Karolina walimsaidia kuipata nafasi hiyo. Karolina alifariki mwaka 1859, akiwa bado kijana.

Kuhusu Varniai kuna kisa kinachosimuliwa sana. Mwalimu aliwasomea waseminari sehemu ya Pan Tadeusz inayoeleza misitu ya Lithuania, kisha akasema kwamba Kilithuania hakiwezi kueleza uzuri kama huo. Nasi tunaoketi darasani kila siku tunajua jinsi neno dogo la mwalimu linavyoweza kumkaa mtu moyoni hadi likizo. Antanas alikwenda nalo nyumbani. Katika likizo za mwaka 1858 na 1859, ndani ya ghala dogo la mbao la wazazi wake, aliandika shairi Anykščių šilelis, yaani Msitu wa Anykščiai.

Lina mistari 342. Linaanza na vilima vitupu na visiki, kwa sababu msitu wenyewe umekwisha kukatwa. Kisha mshairi anaurudisha kwa kumbukumbu: aina za uyoga kwa majina yake, vichaka, miti, wanyama, harufu ya asubuhi, sauti za ndege. Mwalimu alidai maneno hayapo, naye anayamwaga kwa wingi. Baadaye anasimulia jinsi wazee walivyoupenda msitu huo, na jinsi ulivyoangamia chini ya utawala wa Warusi. Shairi lilitoka katika kalenda za Laurynas Ivinskis za mwaka 1860 na 1861, kalenda ambazo wakulima walizitunza nyumbani mwao.

Alipadirishwa mwaka 1862, akasoma pia Munich, Roma na Louvain, kisha akafundisha katika seminari ya Kaunas. Wakati huo serikali ya Tsar ilikuwa imepiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1904. Padre Baranauskas aliwafundisha waseminari sarufi ya Kilithuania, akawataka waandike lugha kama inavyosemwa vijijini kwao, na hivyo lahaja nyingi zikahifadhiwa. Uzeeni alizama katika hesabu, hasa namba tasa, akachapisha kitabu cha hesabu kwa Kipoland.

Ushairi mkubwa, hata hivyo, aliuacha. Vijana wa Kilithuania walipoanzisha gazeti la Aušra mwaka 1883 na kuanza kudai taifa lao peke yao, hakuwaunga mkono. Moyo wake ulikuwa bado kwenye ule undugu wa zamani wa mataifa mawili. Kwa maoni yangu hapo alikosea, maana vijana wale walikuwa wakivuna mbegu aliyoipanda mwenyewe. Lakini si rahisi kumhukumu mtu aliyesali kwa lugha mbili tangu ujana.

Mwaka 1897 aliteuliwa kuwa askofu wa Sejny. Jimbo hilo lilikuwa na Walithuania upande wa kaskazini na Wapoland upande wa kusini. Walithuania wakasema askofu ni Mpoland, Wapoland wakasema askofu ni Mlithuania. Yeye, katika umri ambao wengine hupumzika, alianza kutafsiri Biblia kwa Kilithuania. Alifanya kazi hiyo hadi kifo kilipomkuta tarehe 26 Novemba 1902, akiwa bado katika Agano la Kale.

Alizikwa katika kanisa kuu la Sejny. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka mpya ulichorwa kati ya nchi hizo mbili, ukauacha mji wa Sejny ndani ya Poland. Anykščiai imebaki Lithuania, na lile ghala la mbao bado limesimama huko, limejengewa nyumba nyingine juu yake ili mvua isiliharibu.