Mtoro bin Mwinyi Bakari Ughaibuni

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliwasili Berlin mnamo mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Jina lake limefungamana na *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka wa 1903. Msomaji wa Kakamega, aliye mbali na pwani, hukutana humo na unyago, ngoma, arusi na matanga yakisimuliwa kwa utondoti wa mwenyeji.

Mwaka wa 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakaabiri kurejea kwao Mtoro. Hapa ndipo penye uchungu: Dar es Salaam, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka, kwa kuwa ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ilihesabiwa kuwa fedheha kwa watawala. (Kwa kawaida mgeni hufukuzwa ugenini, huyu alifukuzwa kwao!) Wakarudi Ujerumani. Huko Mtoro aliendelea kutafuta riziki kwa kufundisha na kutoa mihadhara kuhusu Afrika, hata akawa Hamburg kwa miaka kadhaa. Alifariki Berlin mwaka wa 1927.