Denis Papin: Aliyebuni presha kuka akafa maskini

KILA Desemba inapokaribia mwisho, mabasi yanayoteremka kutoka Mbeya na Tukuyu kwenda Kyela hujaa mizigo ya sikukuu. Vijana wanaofanya kazi mijini huwaletea wazazi wao vitenge, sukari na, siku hizi, vyombo vya jikoni kama birika la umeme, blenda na presha kuka. Baadhi ya mizigo hiyo hufika hadi Itungi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko chombo cha jikoni kilichosifika kwa miaka mingi ni chungu cha Wakisi, kinachofinyangwa Ikombe na kuletwa sokoni kwa mtumbwi.

Kati ya zawadi hizo zote, presha kuka ndiyo inayopokewa kwa shangwe, kisha ikawekwa juu ya kabati. Sababu ni woga. Ikianza kupiga filimbi, wengi huona kama inataka kulipuka, na mama mwenye nyumba hurudi kwenye sufuria lake la siku zote.

Hofu hiyo si ngeni. Mtu wa kwanza kutengeneza chombo hicho alikuwa nayo pia, na aliitafutia dawa zaidi ya miaka 340 iliyopita. Jina lake ni Denis Papin. Chungu chake hakikuishia jikoni tu, kwani ndicho kilichomfungulia njia ya kubuni mtambo wa mvuke. Hata hivyo, fedha zilizotokana na kazi hiyo ziliingia mifukoni mwa watu wengine.

Daktari asiyependa kutibu

Papin alizaliwa Agosti 1647 karibu na mji wa Blois, nchini Ufaransa, katika familia ya Waprotestanti. Alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1669 mjini Angers, lakini moyo wake haukuwa kwenye kutibu wagonjwa. Alipenda mashine.

Alikwenda Paris na kuwa msaidizi wa Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Hapo ndipo alipofahamiana na Mjerumani Gottfried Leibniz, ambaye walikuja kuandikiana barua kwa miaka mingi.

Mwaka 1675 alivuka bahari kwenda London. Huko alifanya kazi na Robert Boyle, mtaalamu wa mambo ya hewa na msukumo wake. Kwa Boyle alijifunza jambo moja lililombadilishia maisha, kwamba maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Msukumo wa hewa ukipungua, maji huchemka mapema. Ukiongezeka, huchelewa kuchemka na kuwa moto zaidi.

Wapishi wa Kyela na Tukuyu wanaweza kuliona jambo hilo bila kuingia maabara. Ufukweni Itungi, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 98. Tukuyu, ambako ni zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa hilo, huchemka kwenye nyuzi kama 95. Ndiyo maana maharage yale yale huchukua muda mrefu zaidi kuiva milimani.

Chungu chenye mfuniko wa skrubu

Papin aliwaza kinyume chake. Kama msukumo mdogo huchelewesha chakula, basi msukumo mkubwa utakiwahisha. Mwaka 1679 alitengeneza chungu kinene cha chuma chenye mfuniko uliobanwa kwa skrubu ili mvuke usitoke. Ndani yake maji yalipanda joto kupita nyuzi 100 za kawaida. Presha kuka za leo hufika nyuzi kama 120.

Tatizo likawa moja. Mvuke usiopata pa kutokea hupasua chombo. Papin alitoboa tundu dogo kwenye mfuniko, akalifunika kwa kizibo, na juu ya kizibo akaweka mkono wa chuma wenye uzito uliopimwa. Mvuke ukizidi kipimo, hukinyanyua kizibo na kutoka. Ukipungua, kizibo hurudi mahali pake. Hiyo ndiyo vali ya usalama, babu wa filimbi inayowaogopesha watu leo. Kwa maneno mengine, presha kuka inayopiga filimbi inafanya kazi yake sawasawa. Ya kuogopwa ni ile iliyoziba.

Mwaka 1681 alichapisha kitabu kuhusu chombo hicho. Wafanyabiashara watashangaa kusikia kwamba jina refu la kitabu chenyewe liliahidi kueleza bei ya chungu kikubwa na faida ambayo mwenye nacho angeipata. Papin hakuwa akiwaandikia wataalamu peke yao. Aliwafikiria wapishi, mabaharia, watengeneza vinywaji na wenye kazi ya kutia rangi.

Lengo lake kubwa lilikuwa mifupa. Aliona kwamba maskini wanatupa chakula, kwa sababu mifupa na nyama ngumu vinahitaji kuni nyingi kuiva. Mtu yeyote aliyekesha akichochea moto wa makongoro anaelewa alichokuwa akikizungumzia.

Aprili 1682 chakula cha jioni kilichopikwa kwa chombo chake kililiwa na wanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ililainika kama jibini, kwa makaa machache sana. Njiwa waliopikwa kwa maji yao wenyewe walisifiwa kuliko vyote. Wageni walikula, wakafurahi, wakaenda zao. Hakuna karakana iliyofunguliwa kuvitengeneza vyungu hivyo kwa wingi.

Kutoka chungu hadi injini

Papin aliendelea kuishi kwa mishahara ya kubahatisha. Baada ya miaka michache mjini Venice, alirudi London mwaka 1684 na kuajiriwa na Jumuiya ile ile kwa pauni 30 kwa mwaka, kwa sharti la kuonyesha majaribio kila kikao. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliwafutia Waprotestanti wa Ufaransa haki zao. Tangu hapo Papin hakuwa na kwao pa kurudi.

Alipata kazi ya kufundisha hisabati Marburg, Ujerumani, na baadaye akahamia Kassel chini ya mtawala Karl wa Hesse. Huko Ujerumani ndiko alikofikia wazo lake kubwa. Kama mvuke unaweza kunyanyua kizibo chenye uzito, kwa nini usinyanyue mzigo?

Mwaka 1690 alichapisha maelezo ya silinda yenye pistoni ndani. Maji kidogo yalichemshwa chini, mvuke ukaisukuma pistoni juu. Moto ulipoondolewa, mvuke ulipoa na kuwa maji, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Silinda yake ndogo iliweza kunyanyua ratili 60, yaani kama kilo 27.

Papin alitoa maelezo hayo hadharani. Mwaka 1698 Mwingereza Thomas Savery alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, kwa mashine yake ya kuvuta maji kwa moto. Mwaka uliofuata Bunge liliongeza muda wa ulinzi huo hadi mwaka 1733. Mashine ya Savery haikuwa na pistoni na ilikuwa na kasoro nyingi, lakini hati yake ilikuwa pana kiasi kwamba yeyote aliyetaka kuvuta maji kwa mvuke nchini Uingereza alilazimika kupitia kwake.

Mashua yavunjwa

Mwaka 1707 Papin, akiwa na umri wa miaka 60, aliamua kurudi London kujaribu bahati yake. Alitengeneza mashua iliyosukumwa na magurudumu yenye makasia. Simulizi nyingi husema ilikuwa ya mvuke, lakini magurudumu yake yalizungushwa kwa nguvu za watu. Mpango ulikuwa kushuka nayo Mto Fulda hadi Mto Weser, kisha baharini, na baadaye kuifunga injini.

Kulikuwa na kikwazo. Katika mji wa Münden, mito inapokutana, chama cha wenye mashua kilikuwa na haki ya pekee ya kusafirisha watu na mizigo. Papin aliomba kibali kupitia rafiki yake Leibniz, lakini hakukipata. Aliondoka hivyo hivyo pamoja na familia yake Septemba 24, 1707. Walipofika Münden, wenye mashua waliikamata mashua hiyo na kuivunja.

Alifika London mikono mitupu. Boyle alikuwa amekwisha kufa, na Jumuiya ya Kifalme ilikuwa chini ya Isaac Newton, aliyekuwa na ugomvi mkali na Leibniz. Papin aliomba fedha za kujenga injini na kuilinganisha na ya Savery. Hakupewa. Barua yake ya mwisho inayojulikana ni ya Januari 1712.

Mwaka huo huo wa 1712, fundi Thomas Newcomen alisimamisha karibu na Dudley injini yenye silinda na pistoni, ikivuta maji kutoka mgodi wa makaa ya mawe. Ilifanya kazi kwa njia ile ile aliyoieleza Papin miaka 22 kabla. Newcomen naye alilazimika kufanya biashara chini ya hati ya Savery.

Papin alizikwa Agosti 26, 1713 katika kanisa la St Bride's, London, bila mtu kujali. Mahali alipozikwa palisahaulika kwa zaidi ya miaka 300, hadi kumbukumbu za kanisa zilipofichuliwa mwaka 2016.

Wazo lafika Nyasa

Wazo lake lilisafiri mbali kuliko yeye. Mwaka 1875 meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kupita maporomoko ya Mto Shire, iliingia Ziwa Nyasa na kufika hadi pembe ya kaskazini. Ilikuwa meli ya kwanza ya mvuke ziwani humo. Meli za leo zinatumia dizeli, lakini ndani ya injini zake bado kuna pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Hata mashine za dizeli za kukobolea mpunga zina pistoni.

Chungu chenyewe kilichelewa zaidi. Presha kuka za nyumbani zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930. Nchini Tanzania, zile za umeme zimepata msukumo mpya tangu serikali ilipozindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034.

Kwa aliyeletewa moja sikukuu hii, masharti ni machache. Maharage na maji visizidi nusu ya chombo, kwa kuwa huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba vali. Tundu la vali lioshwe na kuangaliwa kila mara kabla ya kupika. Mpira wa mfuniko ukikauka au kupasuka, ubadilishwe. Mfuniko usifunguliwe kabla mvuke haujaisha, na kamwe usiongezwe uzito juu ya filimbi ili inyamaze.

Mama lishe anaweza pia kufanya hesabu aliyoiahidi Papin. Aandike mkaa anaotumia kwa wiki moja akipika maharage na makongoro kwa sufuria, kisha wiki nyingine kwa presha kuka, na atoe tofauti. Na fundi wa Kyela aliyebuni jiko au mashine yake mwenyewe aulize kwanza BRELA, ofisi inayosajili hataza, kabla hajaionyesha sokoni. Papin alifahamu gharama na faida ya chungu chake kwa mwenye kukinunua. Faida ya aliyekibuni hakuiwekea ulinzi.