Michael Graham na Ziwa Lililobadilika Rangi

Tukiandika maisha ya watu mashuhuri huwa tunakimbilia wanasiasa na mashujaa wa vita. Mimi leo nawaletea mtu wa samaki. Wataalamu wa Ziwa Viktoria wanamjua sana, lakini sisi wa Kitale na Bungoma hatumtaji, ingawa maji ya mto wetu Nzoia huishia katika ziwa alilolichunguza. Jina lake ni Michael Graham.

Graham alizaliwa Uingereza mwaka 1898. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia aliajiriwa katika maabara ya samaki ya serikali mjini Lowestoft, kando ya Bahari ya Kaskazini. Kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini samaki huongezeka au hupungua.

Huku kwetu nako mambo yalikuwa yameanza kwenda kombo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, halafu nyavu za kigeni zikaletwa. Samaki aitwaye ngege alipendwa kuliko wote, basi akavuliwa mchana na usiku. Haikupita miaka mingi kabla ya nyavu kuanza kutoka na samaki wachache. Ndipo Graham alipoitwa. Mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na kijana msomi E. B. Worthington, alilichunguza ziwa zima.

Hawakuhesabu samaki tu. Walipima joto la maji, na walitumbukiza sahani nyeupe ili kuona itapotelea kina gani. Katika maji ya mbali na pwani sahani hiyo ilionekana hadi zaidi ya mita 5. Maji yalikuwa maangavu. Walipochunguza chakula cha ngege, waliona kwamba hali samaki wenzake bali hula mimea midogo midogo inayoelea majini, ambayo wataalamu huiita fitoplanktoni. Huwezi kuiona mmoja mmoja kwa macho matupu. Lakini msiidharau! Karibu nusu ya chakula chote kinachotengenezwa kwa mwanga wa jua duniani hutengenezwa na viumbe wa namna hii, wengi wao wakiwa baharini. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1928 Graham alimpa ngege jina la kisayansi, na mwaka 1929 ripoti yake ikatoka. Alitoa mashauri mawili makubwa. Kwanza, nyavu zisiwe na matundu ya chini ya inchi 5, ili samaki wadogo wapone. Pili, ni hatari kubwa kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine. Shauri la kwanza lilifuatwa kwa muda, kisha likaachwa. La pili halikusikizwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta aliingizwa ziwani, na baadaye aina nyingi sana za samaki wadogo tunaowaita fulu zikatoweka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Wakati watu wanabishana kuhusu mbuta, wale viumbe wadogo nao walikuwa wanabadilika kimyakimya. Zamani ziwa lilikuwa na diatomu nyingi. Hizi hujijengea ganda la silika, kitu kilekile kilicho kwenye mchanga. Mashamba yalipoongezeka, udongo na mbolea vikasombwa na mvua hadi ziwani, moshi na vumbi navyo vikaangukia humo. Fosforasi ikazidi. Diatomu zikala, zikaongezeka, zikaimaliza silika kwa wingi. Zilipopungua, nafasi yao ikachukuliwa na bakteria wa kijani-samawati. Hao hawahitaji silika, na baadhi yao hujichotea naitrojeni hewani. Tena hupenda maji yenye joto yaliyotulia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wao ndio waliotawala. Ziwa likawa kijani. Sahani nyeupe ikawa inapotea kabla ya kufika mita 4. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza oksijeni chini, samaki wakakosa pumzi.

Je, sisi tunahusikaje? Nzoia huanzia milima ya Cherangani na Elgon, hupita Trans Nzoia, huteremka Webuye, kisha huenda ziwani kupitia Budalang'i. Yaani DAP inayowekwa kwenye mahindi huku kwetu, ikisombwa na mvua, inaenda kulisha mwani wa watu wa chini. Mto ukiwa mwekundu wakati wa masika, ule ni udongo wetu unasafiri.

Graham mwenyewe alilielewa hili la udongo. Mwaka 1941 aliandika kitabu juu ya udongo, na mwaka 1943 kingine juu ya uvuvi, akionyesha kwamba uvuvi usio na mipaka mwishowe haumpi mtu faida. Kuanzia 1945 hadi 1958 alikuwa mkurugenzi wa maabara ya Lowestoft. Alifariki mwaka 1972, kabla ya kuliona ziwa likiwa kijani. Lakini ni vipimo vya safari ile ya 1927 vilivyowawezesha wataalamu kujua limebadilika kiasi gani. Bila hivyo kila mtu angedhani ziwa lilikuwa hivyo tangu zamani.

Ngege karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Bado yupo katika viziwa vichache kama Kanyaboli kule Siaya. Kwa hivyo wenzangu, tukirudi nyumbani likizo hii tuwaambie wazazi wasilime hadi ukingoni mwa mto, waache nyasi na miti hapo, na mbolea waitie shimoni waifunike vizuri. Graham alipima na kuonya, wakubwa wa wakati wake wakapuuza. Sisi tusingoje kuambiwa mara ya pili.