Martin Luther katika Ngome ya Wartburg

Mwezi wa Mei 1521, baada ya kukataa kuyakana maandiko yake mbele ya Kaisari mjini Worms, Martin Luther alifichwa na rafiki zake katika ngome ya Wartburg. Yeye aliyezoea kufundisha na kuhubiri akawa hana wanafunzi wala mimbari. Upweke ukamlemea, mwili ukaugua, akaihoji nafsi yake kama hakukosea. Walakini alisubiri. Katika kimya kile, kwa muda wa majuma 11 hivi, akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Machi 1522 akarudi Wittenberg, mji uliojaa ghasia. Akahubiri siku 8 mfululizo kwa upole, na watu wakatulia. Ndugu, tusiudharau wakati wa kupumzishwa.