Albert Pitres, munganga aliyesikiliza lugha zote za mgonjwa

Mfanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi anaweza kutumia lugha tatu kwa siku moja: Kilunda ao Kisanga nyumbani, Kiswahili kwenye soko, Kifaransa kwa wakubwa wa kazi. Siku anapigwa na kiharusi, ile wengi wanaita AVC, na maneno yanakataa kutoka, munganga atampima kwa lugha gani? Albert Pitres, munganga wa Ufaransa, alichunguza jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Pitres alizaliwa mwaka wa 1848. Alijifunza Paris kwa Charcot, mwalimu mkubwa wa magonjwa ya ubongo wakati ule, kisha akaenda kufundisha uganga Bordeaux, muji wa bandari. Huko watu wa vijiji walizungumza Kigaskoni, na Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na ofisi. Hali hiyo si ngeni kwa mukaaji wa Lualaba.

Tangu miaka ya 1860, kupitia kazi ya Paul Broca, waganga walijua kwamba kidonda upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kumnyima mtu usemi. Ugonjwa huo unaitwa afazia. Lakini kwa mtu mwenye lugha nyingi, ni lugha gani inarudi kwanza? Ribot alikuwa amesema mambo ya zamani ndiyo yanabaki, kwa hiyo ni lugha ya utoto.

Mwaka wa 1895 Pitres alitoa jibu lingine. Kwa kufuata wagonjwa wake, aliona kwamba kwa kawaida inarudi kwanza lugha ambayo mtu aliizoea zaidi kabla ya ugonjwa, hata kama si ya mama. Mgonjwa anaanza kuielewa, kisha kuizungumza; nyuma yake anaelewa zile zingine, na mwisho anazizungumza. Pitres alikataa pia wazo kwamba kila lugha ina chumba chake katika ubongo. Kwake, lugha iliyonyamaza haijafutika. Nguvu yake tu imezimwa kwa muda.

Pitres alikufa mwaka wa 1928. Waganga waliokuja nyuma waliona kanuni yake haishiki kwa kila mtu: kwa wengi lugha zote zinarudi pamoja. Lakini njia yake imebaki: kupima kila lugha ya mgonjwa, kusikia na kusema, na kuuliza jamaa alikuwa anaitumia wapi na na nani.

Njo maana familia ina kazi kwenye lopitali. Baba akishindwa kujibu kwa Kifaransa, isisemwe haraka kwamba akili imepotea. Mama na watoto wamwambie munganga lugha zake zote, na wamsemeshe baba polepole kwa ile aliyozoea. Pengine anasikia kila kitu.