Mwalimu na Ardhi ya Mungu

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Hadi 1955 alifundisha Pugu, kwenye vilima unakoanzia Mto Msimbazi. Kama ifundishavyo Walawi sura ya 25, aliamini ardhi ni ya Mungu, sisi wapangaji tu. Mwaka 1963 serikali yake ikafuta hati za kumiliki ardhi milele. Alipong'atuka 1985 alirudi Butiama kulima, akazikwa huko 1999.

Leo msitu wa Pugu unakatwa mkaa, na Msimbazi ukifurika maji huingia Jangwani. Ndugu wa Kinondoni na Temeke, wengi wetu tunapikia mkaa. Mwenye ardhi akirudi, tutamkabidhi nini? Bwana atupe toba.